Rafu ya Bi Havijawa

Nchi ya Shehena haimo kwenye ramani iliyobandikwa ukutani mwa darasa letu la jioni, na mwalimu wetu wa masomo ya biashara, nilipomuuliza, aliniambia nisimpotezee muda. Nilifika huko mwanangu akiwa mgongoni. Namna nilivyofika ni habari ndefu isiyo na faida kwa msomaji. Niliyoyaona ndiyo nataka kuyaeleza, kama yalivyokuwa.

Shehena ina mji mmoja tu, nao umekatwa katikati na barabara pana. Upande wa kushoto unaitwa Rafuni, upande wa kulia unaitwa Mwendoni. Watu wa Rafuni wanaamini kwamba kitu kisichoonekana hakipo. Watu wa Mwendoni wanaamini kwamba kitu kilichosimama kimekufa. Wanaoana, wanazikana, wanaombana chumvi, lakini likija suala la biashara, kila upande unauonea mwingine huruma kama mtu anavyomwonea huruma mgonjwa asiyejijua.

Nilipokewa Rafuni na mama wa rika langu aitwaye Siwema. Mume wake alikuwa mashambani kusini, msimu wa mavuno, na yeye alikuwa peke yake na mtoto wa kiume mchanga, Tunu. Nyumba yao ilitazamana na barabara. Nilipomfungua mwanangu mgongoni na kuanza kumnyonyesha, niliona Siwema anageuza uso. Nilidhani ni haya. Haikuwa haya.

Tunu alizaliwa na mdomo uliogawanyika, na ndani, kwenye kaakaa, kulikuwa na mwanya. Akiwekwa titi alijitahidi mpaka jasho likamtoka kipajini, lakini hakuweza kuvuta. Ukimpa kwa kijiko, maziwa yalitokea puani, akapaliwa, akalia, akachoka, akalala na njaa yake. Mikono yake ilikuwa myembamba kama vishikio vya miko.

"Mkunga amesema nini?" nilimuuliza.

"Amesema zipo chuchu za chupa, ndefu, laini, zinazopita ule mwanya. Mtoto halazimiki kuvuta. Unabinya wewe, maziwa yanashuka, yeye kazi yake kumeza. Akipata hiyo atakua, na akikua watamshona mdomo. Asipopata..." Akamfunika miguu, ambayo tayari ilikuwa imefunikwa.

"Basi twende tukanunue."

Siwema alinitazama kwa upole. "Mgeni, kununua hapa si tatizo. Tatizo ni kupata."

Akanipeleka dukani kwa Bi Havijawa, hatua chache kutoka kwake, ili nione mwenyewe.

Maduka ya Rafuni ni mazuri. Yamefagiwa, yana benchi la wateja na kahawa ya bure, na mwenye duka anajua jina la mtoto wako na ugonjwa wa mama mkwe wako. Bi Havijawa alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliyerithi duka kwa mama yake. Upande wa barabarani alikuwa na rafu moja ya ubao mzito, ndefu kama kitanda, ambako zamani mama yake alitandaza mikeka ya kuuza. Sasa juu yake kulikuwa na bilauri moja tu, na ndani ya bilauri, chuchu moja ya chupa, ndefu, laini.

"Si ile pale?" nilimnong'oneza Siwema.

"Ndiyo ile. Tulia kwanza, tazama."

Alikuwepo mama mmoja anataka sabuni. Rafu ya sabuni ilikuwa na mche mmoja. Walipatana bei kwa ufundi nisiopata kuuona hata kwetu. Mteja alitaja bei, Bi Havijawa akashika kifua, mteja akainuka kuondoka, akarudishwa kwa kahawa, akaapa kwa marehemu baba yake, Bi Havijawa akapunguza. Mwisho wakapeana mikono, wote wawili nyuso zinang'aa. Kisha yule mama akaaga na kuondoka zake mikono mitupu, na mche wa sabuni ukabaki palepale.

"Mbona hakuchukua?" niliuliza.

Bi Havijawa alinishangaa. "Achukue vipi, mwanangu, na ni wa mwisho?"

Hiyo ndiyo sheria kuu ya Rafuni: *Rafu isionekane tupu*. Wanasema hapo zamani rafu moja ilibaki wazi kwa siku nzima, watu wakadhani ni njaa imeingia, wakahama na vitanda vyao. Tangu hapo kitu cha mwisho hakiuzwi. Rafu ikionekana tupu, mlango wa duka unapigiliwa mbao, na mwenye duka haruhusiwi tena kuitwa mwenye duka mpaka kufa kwake.

Niliuliza kwa nini basi hawaleti mzigo mwingine. Nilijibiwa kwamba mzigo huletwa na mkuu wa msafara, ambaye hupita na wanyama wake mara chache kwa mwaka, akichungulia kila duka kutoka barabarani. Akiona rafu tupu, anashusha. Lakini kwa kuwa hakuna rafu tupu Rafuni, yeye huona kitu kimoja kila mahali, hufurahi kwamba watu wana neema, hupungiana nao mikono na kupita na mizigo yake yote. Rafuni nzima, kwa hiyo, ina kimoja cha kila kitu, na hakuna anayepata chochote. Walinieleza haya bila kuona ajabu yoyote. Darasani tulifundishwa kitu kinachoitwa mnyororo wa ugavi. Hapa mnyororo ulikuwepo, kila pete inang'aa, ila hakuna pete iliyoshika nyenzake.

"Tumejaribu na ng'ambo," alisema Siwema tulipotoka. "Twende ukaone na huko."

Mwendoni hakuna duka hata moja. Vitu vyote vya upande ule vimo vichwani mwa wapagazi, kwenye masinia, na wapagazi wanaizunguka barabara ile kuanzia alfajiri mpaka jioni, wanapita mbele ya milango ya Mwendoni wakienda na mbele ya maduka ya Rafuni wakirudi, bila kusimama. Mpagazi akisimama na mzigo, mzigo huo unahesabiwa umekufa, na unazikwa. Nilionyeshwa makaburi yake. Kaburi moja lilikuwa la cherehani.

Ukitaka kitu, unaagiza kwenye Dirisha. Dirisha ni fremu ya mbao yenye magurudumu, inayosukumwa barabarani, na nyuma yake anatembea afisa kijana, nadhifu, mwenye tabasamu lisilochoka, aitwaye Ridhiwani. Foleni inatembea naye.

"Karibu sana mteja wetu mpendwa," alimwambia Siwema. "Kiganja, tafadhali." Akakichora kwenye karatasi huku wote wawili wanatembea. "Agizo lako limepokewa. Chuchu yako iko njiani. Hongera!"

Watu wa foleni walipiga makofi. Huko, kuwa na kitu njiani ni heshima. Husalimiana hivyo: "Iko njiani?" Na mwingine hujibu: "Iko njiani!" Jioni ile tulialikwa kwenye sherehe ya kitanda cha bwana mmoja ambacho kiko njiani mwaka wa nne. Tulikula pilau tumeketi kuizunguka nafasi kitakapowekwa, na wageni walisifu mbao zake.

"Sasa kinafikaje?" nilimuuliza Siwema.

"Mpagazi akipita mbele yako, kiganja chako kiwe nje. Anadondosha, anaendelea. Kisipokuwa nje, amepita, na bidhaa inarudi mwanzo wa safari mpaka kesho yake."

"Anapita saa ngapi?"

"Kati ya asubuhi na jioni."

Basi kesho yake Siwema alisimama mlangoni, mkono nje. Nami nilikaa ndani na watoto wawili, wangu na wake. Jua lilipanda. Mkono ulianza kulegea, akaushika kwa mwenzake. Nikamjaribu Tunu na kijiko, nusu tone, nusu tone, na kwa muda nilidhani naweza. Kisha akapaliwa vibaya, uso ukawa wa rangi nisiyotaka kuitaja. Siwema aliruka ndani, akamgeuza kifudifudi, akampiga mgongoni mpaka pumzi ikarudi.

Wakati huohuo, nje, akapita mpagazi. Alikuwa binti mrefu wa hatua ndefu, Chiku kwa jina, na juu ya sinia lake niliziona chuchu, zimepangwa kama mishumaa.

"Samahani mama!" alipiga kelele bila kugeuka. "Mkono haukuwepo!"

Muda si muda Dirisha likapita. "Bidhaa yako ilijaribu kukufikia," alisema Ridhiwani kwa masikitiko ya kazini. "Imerudi mwanzo."

"Nilikuwa hapa! Nilikuwa hapahapa ndani!"

"Wewe ulikuwepo, mteja wetu mpendwa. Mkono haukuwepo."

"Chukua wangu," nilisema, nikautoa. "Nitasimama mimi."

Aliulinganisha na karatasi, akatikisa kichwa kwa adabu. "Kiganja kilichoagiza ndicho kinachopokea. Ni kwa usalama wako."

"Sasa nani huwa anapokea, kaka yangu? Mama mwenye mtoto hapokei. Mgonjwa hapokei. Mwenye kazi za mikono hapokei."

"Wateja wetu wengi wameridhika," alisema, akanionyesha ng'ambo. Kwenye ukumbi wa nyumba moja alisimama bwana asiye na kazi wala mtoto, mikono yote miwili nje, na nyuma yake miavuli imelundikana mpaka dirishani. Mvua hainyeshi Mwendoni.

Siku iliyofuata ikawa vilevile. Safari hii Siwema alipitiwa na usingizi akiwa amesimama, mkono ukashuka wenyewe. Jioni Tunu hakulia kwa nguvu tena. Alitoa sauti kama mlango mwepesi unaosukumwa na upepo. Mama yake aliisikiliza sauti ile, akanyanyuka, akabadilisha kanga, akamfunga mtoto kifuani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Bi Havijawa. Nifuate, shoga yangu. Beba chupa."

Dukani kulikuwa na wateja kadhaa wanapatana bei za vitu vya mwisho. Siwema alisalimia kama kawaida.

"Shikamoo, Bi Havijawa."

"Marahaba, mama Tunu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, kidogo sana. Ile chuchu bei gani?"

Bi Havijawa alisita, lakini desturi ni desturi. Akataja bei. Siwema akapunguza. Wakaendelea hivyo, ila bila vicheko, na wakafika mahali pa kukubaliana.

"Haya, mwanangu, tumepatana," alisema Bi Havijawa. "Nenda salama."

Siwema akaketi sakafuni.

Duka zima liligeuka kumtazama. Ni jambo ambalo halijapata kutokea Rafuni, mtu kubaki baada ya kupatana.

"Unangoja nini?"

"Nangoja nifungiwe."

"Siwema, usinitie aibu mbele za watu. Mama yako na mama yangu walikuwa mashoga."

"Ndiyo maana nimekuja kwako na sikwenda kwa mwingine."

"Nikikupa, kesho mlango wangu ni mbao. Duka la mama yangu!"

"Najua."

"Na akija kesho mwenzio na mtoto kama huyu, nitampa nini?"

Siwema alimtazama. "Na leo, ukiwa nayo, ungempa nini?"

Bi Havijawa akaitazama bilauri, kama mtu anayeitazama picha ya ukutani ambayo ameipita kila siku.

Mtu alikuwa ameshakwenda kumwita mkaguzi wa rafu, Bwana Nasoro. Aliingia na fimbo yake nyembamba ya kugongea mbao. Hakuwa mtu mbaya. Alipoambiwa kisa alimsogelea mtoto, akamtazama, akakohoa.

"Sheria haina ugomvi na mtoto," alisema.

"Haimjui, Bwana Mkaguzi," alijibu Siwema. "Inaijua rafu."

"Mimi nimekabidhiwa rafu, mama. Watoto wana ofisi yao." Akamgeukia Bi Havijawa. "Nawe nakuona macho yako yanavyokwenda. Ukiitoa hiyo chuchu, rafu utaijaza na nini? Au utajipanga humo mwenyewe, na hilo umbo lako?"

Wateja wawili watatu walicheka. Bi Havijawa hakucheka.

"Umbo langu lina nini?"

"Halina kitu, mama. Nimesema tu."

"Umesema nini? Linatosha rafu, halitoshi?"

"Linatosha na kubaki," alisema Nasoro, na watu wakacheka tena.

"Mmemsikia," alisema Bi Havijawa. "Mkaguzi mwenyewe, mbele za watu. Linatosha na kubaki." Akavua ndara. Akaichukua bilauri, akamwekea Siwema mapajani. "Haya. Umeshalipa au hujalipa? Lipa basi, nisije nikaambiwa nimegawa mali. Nawe mgeni, nishike mkono huku, usisimame kama kabati!"

Nikamshika. Ubao ulilia, ukavumilia. Bi Havijawa akaketi kwenye rafu, akaelekeza uso barabarani, akajipangia kanga yake vizuri.

"Shuka, mama," alisema Nasoro.

"Toka nje utazame. Sheria inataka utazamie barabarani. Rafu inaonekana tupu?"

Alitoka. Tulimwona kupitia uwazi wa mbele, anainamisha kichwa huku na huku. "Haionekani tupu," alikiri. "Lakini wewe si bidhaa!"

"Sheria imetaja bidhaa?"

Mkaguzi aliisoma sheria kwa moyo, kwa sauti, polepole. Haikutaja bidhaa.

"Kilichoko rafuni lazima kiwe na bei," alijaribu tena.

"Mimi ndiye wa mwisho," alisema Bi Havijawa. "Wa mwisho hauzwi. Au umeisahau sheria yako mwenyewe, Nasoro?"

"Kwa kilo je, mama?" alidakia kijana mmoja mlangoni.

"Kwa kilo huniwezi wewe, kwanza lipa deni la tambi!"

Katikati ya vicheko hivyo nilisikia kitu kingine. Siwema alikuwa amekwisha kukamua maziwa yake kwenye chupa na kuvisha ile chuchu. Alimweka Tunu wima kidogo, akaipitisha taratibu pembeni mwa ule mwanya, akabinya. Mtoto alishtuka. Kisha koo dogo likapanda na kushuka, na sauti ya kumeza ikasikika. Akabinya tena. Koo likapanda, likashuka. Sote, hata Nasoro, tulisikiliza mtoto anakunywa kama watu wanaosikiliza mvua ya kwanza juu ya bati.

Kisha Nasoro alisema, kwa upole zaidi, "Lakini ukishuka tu, Bi Havijawa, nitaleta mbao. Sina namna."

"Najua. Nitakaa mpaka nipate nyingine ya kuweka."

"Utaipata wapi? Mkuu wa msafara akipita, atakuona wewe, atasema Rafuni hawajawahi kuwa na neema kama mwaka huu."

Watu hawakucheka. Ilikuwa kweli. Bi Havijawa alikuwa ameketi mahali ambapo hajawahi kuketi, akitazama barabara ambayo siku zote alikuwa ameipa mgongo, na alikuwa anawatazama wapagazi wakipita karibu naye kiasi cha kuweza kuwagusa.

"Wewe binti!" aliita. "Umebeba nini hapo?"

Chiku alikuwa ameshapita. Alipozunguka tena alijibu akiwa mbali: "Chuchu za chupa, mama!"

Akapita. Aliporudi, Bi Havijawa akamwambia: "Nipe moja!"

Akapita, akarudi. "Umeagiza?"

"Bado!"

"Agiza!" Sauti yake ilimalizikia kwenye kona.

"Haya ndiyo mazungumzo gani haya," alisema Bi Havijawa, "kama watu wanaotukanana kwenye bembea." Lakini alikuwa amejisogeza mbele, na Dirisha lilipokuja likizungusha magurudumu yake, alilipigia kofi. "Kijana! Chora hiki."

Ridhiwani aliutazama mkono uliotokeza dukani. Nadhani hakuna mkono wa mwenye duka la Rafuni uliowahi kuagiza kwake. Alichora, huku akirudi kinyumenyume ili asisimame.

"Utakuwepo, mteja wetu mpendwa, na mkono nje, kati ya asubuhi na jioni?"

"Niende wapi, mwanangu? Si unaona nimewekwa rafuni?"

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nimwone, Ridhiwani alipunguza mwendo.

Bi Havijawa alilala palepale kwenye ubao. Wanawake wa jirani walimletea mto, wengine uji, na wote walikuja na ushauri kuhusu mgongo. Asubuhi alinyoosha mkono. Hakuwa na la kufanya zaidi ya hilo, wala mtoto wa kupaliwa, wala sufuria jikoni. Na Chiku alipotokea kwenye kona, sinia kichwani, hatua zilezile, mkono ulikuwepo. Chuchu ilianguka kiganjani bila kelele.

Chiku hakusimama. Ila aligeuza shingo, sinia likayumba, akacheka kwa sauti kuu. Baadaye aliniambia kwamba katika kazi yake yote alikuwa hajawahi kuona sura ya mtu aliyepokea, kwa sababu wengi hukodolea macho kitu.

Bi Havijawa akaitia chuchu kwenye ile bilauri, akaiweka kando yake rafuni. Nasoro, aliyekuwa amerudi mapema, alitoka nje, akatazama, akaitazama bilauri, akarudi ndani. "Haionekani tupu," alisema, na nilimwona amefurahi kuliko alivyotaka ionekane. Akampa mkono kumshusha. Miguu ilikuwa imekufa ganzi.

"Polepole, wewe," alisema Bi Havijawa. "Umebeba mali ya duka."

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Mama mmoja muuza maandazi wa ng'ambo, ambaye mikono yake haitoki kwenye unga kutwa nzima, alivuka barabara. Alikuwa na chujio lililokuwa njiani tangu msimu uliopita. "Bi Havijawa," alisema, "ukiagiza chako, niagizie na langu. Nitalipitia jioni nikimaliza kazi." Likafika. Likakaa rafuni mpaka jioni. Watu wa Mwendoni walinung'unika kwamba chujio lililokaa kutwa limekufa. Muuza maandazi alichuja nalo mbele yao, akawaambia limelala tu, sasa limeamka.

Ule mche wa sabuni uliuzwa, na shangazi yake Bi Havijawa akaketi mahali pake mpaka mwingine ulipodondoshwa. Duka la pili likafuata, la tatu likafuata. Si yote yaliyokwenda vizuri. Mwenye duka mmoja mvivu alimwacha mama mkwe wake kwenye rafu ya mafuta ya taa kutwa nzima, akasahau kuagiza, na ikabidi wazee waitwe. Lakini mkuu wa msafara alipowasili na wanyama wake, akachungulia kama kawaida yake, alikuta watu badala ya vitu. Akasimama. Akamuuliza mmoja: "Umekalia nini?"

"Chumvi."

"Na wewe?"

"Pamba ya hospitali."

Alishuka kwenye mnyama wake akaenda rafu kwa rafu, akiuliza na kushusha, akiuliza na kushusha, mpaka mizigo ikaisha. Alisema miaka yote alikuwa anadhani wanampungia mkono kwa kuridhika.

Nilikaa Shehena muda zaidi kuliko nilivyokusudia. Nilipofunga mwanangu mgongoni ili niondoke, pande zote mbili zilikuwa zimeanza kukutana barazani. Hoja mezani ilikuwa kama binadamu aweza kuhesabiwa kuwa bidhaa anapokuwa rafuni, na kama ndiyo, ni iliyosimama au iliyoko njiani. Wasemaji walikuwa wengi na kila mmoja aliandaa hotuba. Bwana Nasoro alisema kwa upande mmoja, kisha kwa upande wa pili. Jioni ilipoingia mjadala uliahirishwa, kwa mara ya nne, mpaka kikao kijacho.

Tunu alikuwa ameanza kuota mikunjo ya mafuta mapajani.